Mjomba wa Mtaa Mzima

Tangu mpaka wa shule upite nyuma ya choo changu, nimekuwa mjomba wa watoto nisiowajua. Wanaanza kuletwa Oktoba, uandikishaji wa darasa la kwanza unapofunguliwa, wamepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Mama mtu anasalimia, anakaa jamvini, anausifu mwembe wetu, anaulizia presha ya mama mkwe wangu, kisha anatua mzigo: "Baba Rehema, huyu mtoto tungeomba aonekane anakaa kwako."

Kukaa kwenyewe hataki, na mimi chumba sina. Wanachokifuata ni kile kibao cha namba ya nyumba nilichobandikiwa mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi. Siku ile nililalamika kwamba kimeniharibia rangi ya geti. Sasa hivi nikiamua kuviuza vyote viwili, geti ndilo litakalokosa mteja.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule yetu ya msingi, moja ya zile ambazo wajuaji wa mjini huziita Kayumba, ilijaa hadi ikafurika. Mwongozo wa serikali unataka darasa moja liwe na wanafunzi 45. Kwetu, 45 walikuwa wale waliowahi dawati. Waliobaki walikaa sakafuni, na waliobanwa dirishani walijifunza hesabu huku wakihesabu bodaboda. Zamu zilikuwa mbili, ya asubuhi na ya mchana, na wa mchana waliingia darasani bati limeshapata moto wa kutosha kukaangia dagaa. Mwaka 2021, fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilipojenga vyumba 15,000 nchi nzima, tulikaa mkao wa kula. Vyumba 12,000 vikaenda sekondari, 3,000 vikaenda shule shikizi. Sisi hatukuwa sekondari na hatukuwa shikizi, kwa hiyo vyumba vyetu tulivisikia redioni.

Ndipo halmashauri ikaja na dawa. Ikaigawa shule.

Waliingia mkutanoni na shule moja iliyojaa, wakatoka na shule mbili, kila moja ina nusu ya watoto, na taarifa ikapendeza. Watoto ni walewale, walimu ni walewale, uzio ni uleule. Kilichoongezeka ni mwalimu mkuu, mhuri, bendera na ubao wa jina. Jina la shule mpya silitaji, ila linasifu mshikamano.

Njoo asubuhi uone. Kengele ya shule mama ni rimu ya lori, ya shule mpya ni kipande cha chuma cha reli, na wagongaji hawaelewani saa. Wimbo wa taifa unaanza upande huu. Ukifika ubeti wa pili, upande ule ndiyo kwanza wanaanza wa kwanza. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi anayepita hapo kwenda kununua maziwa husimama wima mara mbili, na maziwa siku hizi anayakuta yamekwisha. Vyoo vyote viliangukia shule mpya. Mwongozo unasema tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25, lakini hausemi lolote kuhusu mtoto wa shule mama anayeruka mpaka mbio huku ameshikilia kaptura, akiulizwa na kiranja wa nchi jirani ana kibali cha nani.

Walinzi nao ni wawili. Wanalinda uzio mmoja, usiku wanakunywa kahawa pamoja, asubuhi wanadai kila mmoja kwa wazazi wake. Elimu bila malipo ilianza kweli Januari 2016, na mimi ni shahidi. Michango haikufutwa; ilibadilisha nguo. Kuna uji, kuna karatasi za mitihani, kuna mlinzi, na yote ni ya hiari, na mtoto ambaye mzazi wake ameitumia hiari hiyo hurudi nyumbani analia.

Afisa aliyekuja kutufafanulia mgawanyo alisema utaleta mchanganyiko mzuri wa watoto wa hali zote. Nilitaka kumuuliza achanganye nani na nani. Wenye uwezo watoto wao wanapandishwa basi la njano saa kumi na moja alfajiri, wanakwenda kusinzia kwa Kiingereza huko mbali. Diwani wetu ni mmoja wao, na simlaumu, basi linapita mlangoni kwake. Tuliobaki ndio tulikuwa tumechanganyika tayari, tena bila afisa. Rehema alikuwa anakaa dawati moja na mtoto wa muuza samaki, mjukuu wa karani mstaafu wa bandari, na bingwa mmoja wa Kimakonde aliyemfundisha matusi kabla ya kumfundisha salamu.

Mpaka ukaja ukawatenganisha. Upande wa barabara ya lami ukapewa shule mpya. Wa bondeni, kuvuka korongo, wakabaki na shule mama. Hakuna aliyekusudia ubaya, wanasema, walifuata tu mipaka ya mitaa. Lakini wa lami wana mishahara na maduka, wakachangishana, vyumba viwili vikapauliwa, bomba likavutwa. Wa bondeni walichangishana pia, wakapata ndoo na kata. Masika korongo likijaa, nusu ya darasa haifiki, na kwenye rejesta wanaandikwa watoro.

Nyumba yangu ndiyo ya mwisho upande wa lami. Sebule, vyumba na choo viko shule mpya. Banda la kuku liko shule mama. Kuku wangu wangekuwa na umri wa kuandikishwa, wangesoma bondeni. Sasa mama wa bondeni anayenijia na mtoto wake nimwambie nini? Kwamba mstari uliochorwa na mtu asiyejua hata njia ya kufika kwetu una haki kuliko yeye? Nikakubali wa kwanza. Mjumbe akaandika barua. Habari zikavuka korongo.

Kaka yangu mkubwa anatucheka sana. Yeye alisoma wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977, chini ya mkorosho, akifundishwa na wale walimu waliofanya watani wairefushe UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Walijaa, anasema, lakini hakuna aliyeleta shoka kuupasua mkorosho ili iwe mikorosho miwili.

Mwezi uliopita niliitwa shuleni. Mpwa wangu amevunja kioo. Nikauliza, mpwa yupi? Mwalimu mkuu akafungua rejesta, akanitazama juu ya miwani, akaanza kusoma majina, na akasoma kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa rejesta, nyumba yangu ya vyumba vitatu ni bweni. Mtuhumiwa akaletwa. "Shikamoo mjomba," akasema, kwa adabu zote, kana kwamba jana usiku tulikula ugali sahani moja. Jina lake nililisikia hapo hapo. Kioo nikalipa. Ningefanyaje? Kumkana mpwa mbele ya mwalimu ni kujishtaki kwa mtendaji.

Na bado. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja wa bondeni akanyanyuka kuuliza watakaa wapi wote hao, maana sekondari ya kata nayo imeshajaa. Mwenyekiti akashauriana na jirani yake wa kulia, akashauriana na wa kushoto, akasema msiwe na wasiwasi, itagawanywa.

Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika. Mama Rehema hakukasirika. Siku hizi ana daftari la wapwa, na kila mpwa huja na kilo ya sukari. Chai ya nyumba hii haijawahi kuwa tamu hivi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina uhakika ni 2028, kisha akataka kujua kile kiwanja kinachouzwa jirani na sekondari wanakitaka shilingi ngapi, na kama kina namba.