Sifa za Ua la Plastiki

Wapo wanaolicheka ua la plastiki. Wanaliita uongo, wanaliita ushamba, halafu jioni utawakuta na kopo la maji wakibembeleza mmea uliokwisha kuamua kufa. Acha nilitetee, maana lenyewe halina mdomo, na hata lingekuwa nao lisingelalamika.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua maji na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, watu walipanga foleni za madumu tangu alfajiri. Ua hai halijui mgao. Linadai chake, na usipolipa linakunyaukia mbele ya wageni ili uaibike. La plastiki lilipita kipindi chote kile likiwa limechanua vilevile. Tena umande limekuja nao: lisogelee, utaona juu ya petali matone mawili matatu ya gundi iliyokauka, yanang'aa mchana kutwa. Umande wa Lushoto saa nne asubuhi umekwisha. Huu jua la saa saba hauliogopi.

Kisha kuna afya. Visahani vya chini ya vyungu hutuamisha maji, na humo ndimo mbu wa homa ya dengi hutaga. Dar inaukumbuka mwaka 2014, inaukumbuka na 2019. Ua la plastiki halijawahi kulea mbu. Linalea vumbi tu, nalo ni vumbi lenye adabu: linatua taratibu, wiki kwa wiki, mpaka waridi jekundu linakuwa la kijivu, na mwenye nyumba anapata rangi mpya bila kulipa fundi. Likizidi, ua linatiwa kwenye beseni la maji ya sabuni ya unga, linakung'utwa, linaanikwa kichwa chini kwenye kamba, kati ya shuka na soksi. Jaribu kuanika asumini namna hiyo. Harufu? Hakuna, ila ile ya plastiki ya siku za kwanza, na baadaye hata hiyo inastaafu. Anayetaka harufu achome udi.

Wapinzani hupenda kuleta uzalendo. Wanatukumbusha kwamba lile ua dogo la zambarau linalopangwa madirishani Ulaya, Saintpaulia, asili yake ni misitu ya Usambara, na kwamba mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, likapewa jina lake. Sawa. Lakini ua hilo halitaki jua kali, halitaki baridi, maji yakizidi linaoza, yakipungua linalegea, na ukilidondoshea ya baridi majani yanapata madoa. Hili lingine limetoka kiwandani China, limebanwa ndani ya kontena, limevuka bahari, limesukumwa kwa mkokoteni hadi Kariakoo, na lilipofunguliwa tu likanyoosha shina lake la waya, tayari kwa kazi. Mzalendo ni nani hapo, aliyekwenda au aliyekuja?

Utajiri nao limeuleta. Li Ka-shing wa Hong Kong alianza na kiwanda cha plastiki miaka ya 1950, akatengeneza maua haya haya, akaishia kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Asia. Nitajie aliyetajirika kwa maua hai. (Wenye mashamba ya waridi Naivasha wasinyooshe mikono: yao yanauzika kwa sababu yanakufa, mteja arudi kununua mengine.)

Na kudumu ndiko kunakomaliza ubishi. Juni 1, 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mfuko uliolibeba ua kutoka dukani ulihukumiwa, lenyewe likabaki juu ya kabati la vyombo, haliulizwi kitu. Hapo litakaa. Wajukuu watalirithi, watake wasitake.

Basi msomaji, ukienda Kariakoo kulinunua, likamate kichwani ulivute kidogo. Likichomoka kwenye shina, mrudishie mwenyewe uchague jingine, na bei ya kwanza usiikubali.