Shikamoo Kwanza, Kisha Mweleka

Daktari aliponiambia nitafute mazoezi kabla sukari haijanitafuta mimi, nilipiga hesabu ya yote yanayopatikana hapa Unguja. Kukimbia asubuhi barabarani, mwalimu wa sekondari hawezi: kila kona ana mwanafunzi wake, na wanafunzi wa mji huu hawakupiti bila kukuuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, unakimbilia wapi?" Mpira wa maveterani niliuacha tangu goti liliposema basi. Kuogelea Forodhani ni kazi ya vijana wanaojirusha baharini mbele ya watalii. Mwenye kitambi akijirusha pale, watalii humpiga picha kwa sababu nyengine kabisa. Ikabaki judo. Ukumbi uko mtaani kwetu, ada yake haiumi, na mwalimu mwenzangu mmoja aliniapia kwamba katika judo muda mwingi watu wako chini. Hilo lilinivutia. Hakusema wanafikaje huko chini.

Judo si mgeni visiwani. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alihamia Unguja, na tangu miaka ya 1990 akawa anawafundisha vijana wa hapa, hata leo hii humshangazi mtu kwa kupita mtaani na mkanda begani. Isipokuwa ukiwa na umri wangu.

Nguo za judo nilizipata kwa jamaa aliyekwisha kuacha. Koti ni zito, limefumwa kwa uzi mnene ili livutwe lisichanike, na likishaingia maji hulinyanyui kwa mkono mmoja. Mke wangu alilifua na kulianika uani katikati ya masika, likakaa kambani likidondoka tu. Bi jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona vitambaa vyeupe, vizito, vipana, akapiga kigelegele cha chini chini. "Mwalimu anakwenda Hijja, na sisi hatukuambiwa?" Mke wangu akamjibu kwamba mwalimu anakwenda kupigwa. Habari ya Hijja ilizunguka mtaa mzima kabla ya Magharibi. Masahihisho yake hayajafika mpaka leo, na wako wazee wawili watatu wanaoniagiza maji ya Zamzam.

Jambo la kwanza unalofundishwa ni kuanguka. Huitwa ukemi. Unajiachia kwa mgongo, kidevu umekifumbata kifuani, na mgongo unapofika chini mkono mzima, kiganja mpaka karibu na kwapa, unapiga tatami, ule mkeka wa ukumbini, paa! ili kishindo kitawanyike kisikusanyike mahali pamoja. Fizikia yake naijua: kani ile ile ukiitandaza juu ya eneo kubwa, mgandamizo hupungua. Nimeifundisha miaka mingi kwa chaki. Chaki haiumi. Watoto wa skuli ya msingi walikuwa wakianguka pembeni yangu huku wakicheka, wakiinuka, wakianguka tena bila ya kuombwa. Mwili wangu mimi ulikuwa na maoni yake. Kila nilipoambiwa anguka, makalio yalitangulia kama mtu anayetafuta kiti gizani, kikafuata kiwiko, halafu kichwa kikaja kuuliza kumetokea nini.

Na sensei wetu, yaani mkufunzi, ni kijana niliyemfundisha mwenyewe, kiti cha nyuma, karibu na mlango. Alikuwa akinisimamia kichwani, mikono nyuma, akisema kwa upole: "Tena, mwalimu." Neno hilo hilo nilikuwa nikimwambia yeye kila alipokosa hesabu ya kasi na mchapuko. Nadhani alikuwa akinirudishia, na riba juu yake.

Kwa kujiliwaza nikasoma habari za Jigoro Kano, aliyeanzisha mchezo huu. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua Kodokan ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, chumba cha tatami 12 tu. Alikuwa mfupi, mwili mdogo, akionewa skuli na wenye nguvu, na ndiyo sababu akaingia kwenye jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha kufundisha walimu. Nikafarijika sana: mwalimu, tena mwonewa, tena mwili haumsaidii. Tofauti yetu ni kuwa yeye alikuwa mwepesi.

Faida ya ukemi ilinijia mahali nisipoitaka. Ijumaa moja nilikuwa Darajani upande wa samaki, sakafu imerowa maji ya barafu na damu. Nikakanyaga utumbo wa changu, miguu ikatangulia mbele, mimi nikabaki nyuma. Nikaanguka vizuri sana. Kidevu kifuani, mkono wa kulia umenyooka, paa! Sensei angeniona angenifunga mkanda wa njano pale pale. Lakini ukumbini mkono hupiga tatami kavu. Pale ulipiga kidimbwi, na kidimbwi chote kikahamia kwenye kanzu ya mzee mmoja, nyeupe, imenyooshwa pasi, pamoja na kofia yake ya viua. Alikuwa ananunua samaki wake kabla ya kwenda kusali.

Nikainuka mbio nimwombe radhi. Na mwili, ambao ndio kwanza umeanza kushika masomo, ukafanya lile linalofanywa baada ya kila mweleka: miguu pamoja, mikono mapajani, nikamwinamia Kijapani. Mzee akanitazama muda mrefu.

"Umenirowesha," akasema, "na sasa wanifanyia maskhara?"

Muuza pweza ndiye aliyeniokoa. "Msamehe, babu. Huyu mwalimu, kasoma sana." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikamlipia mzee dobi, nikamlipia na samaki, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu akasema hakuna mazoezi yanayopunguza uzito kwa njia ya mkato namna hii.

Ukishajua kuanguka unafundishwa kulala. Yaani kulaliwa. Upo mkamato unaoitwa kesa-gatame: mwenzio anakukalia ubavuni, mkono wake umekuzunguka shingo, na kichwa chako kimefungiwa kwapani mwake. Katika mashindano akikubana hivyo sekunde 20, mgongo wako uko chini, mchezo umekwisha. Sekunde 20 ni chache ukizisoma. Mwenzangu wa kawaida ni konda wa daladala, anayekuja mazoezini moja kwa moja kutoka njiani, na kwapa lake linakuwa limefanya kazi tangu alfajiri.

Njia ya kujisalimisha ni moja na inajulikana dunia nzima: gonga mara mbili, mwilini mwa mwenzio au juu ya tatami, na papo hapo anakuachia. Nikagonga mara mbili. Konda akakaza. Nikagonga tena mbili, za nguvu zaidi. Akazidi kukaza, nikamsikia anapumua kwa bidii ya mtu anayewahi abiria wa Mwanakwerekwe. Mpaka sensei alipokuja kumbandua, mimi nilikuwa nimeshaanza shahada.

Maskini, aliona haya kweli kweli. Kumbe kwenye gari lake bati likigongwa mara moja ni simama, na mara mbili ni twende. Tangu hapo tumepatana mimi na yeye: nikizidiwa, nasema "shusha". Hajawahi kunipitiliza kituo.

Kisha liko suala la mzani. Judo hupanga watu kwa kilo, na kwa wanaume makundi ni chini ya 60, 66, 73, 81, 90, 100, na zaidi ya hapo. Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha Tanzania katika Olimpiki za Rio 2016 na Paris 2024, alicheza kilo 73. Kilo hizo mimi niliziaga chuo cha ualimu. Sensei husoma uzito wa kila mtu kwa sauti, mbele ya kaumu yote, na wangu mimi ni 91. Kilo hiyo moja, ambayo naijua ni ya pweza wa nazi, imenitoa kwa watu wa makamo wenzangu ikanitupa kwa wachukuzi wa bandarini, watu wanaonyanyua gunia huku wakisimulia habari nyengine. Nimejaribu kuipunguza. Huondoka Alhamisi, ikarudi Ijumaa baada ya biriani.

Siku za mazoezi ya kawaida, lakini, sensei haangalii kilo. Humwita huyu na yule, basi mkamatane. Ndipo siku moja akamwita mtoto wa kidato cha pili, wa darasa langu, mwembamba, shingo ndefu. Mtoto huyu katika jaribio la momenti na wenzo aliandika jina lake na tarehe kwa mwandiko mzuri ajabu, karatasi iliyobaki akaniachia nyeupe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

Akainama, nikainama. Sensei akasema "hajime", yaani anzeni.

Kabla ya kumwangusha mtu lazima kwanza umtoe kwenye mizani yake. Wajapani huita kuzushi, na ndiyo roho ya judo nzima: anayesimama wima haanguki, kwa hiyo mfanye asisimame wima, na ikiwezekana ajifanyie mwenyewe. Mtoto akanishika kola na mkono wa koti, akanisukuma kidogo kwa nyuma. Kidogo tu, unavyosukuma mlango usiojua kama umefungwa au la. Mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nisukumwe na kidato cha pili? Nikakataa. Nikarudi mbele kwa kilo zote 91.

Pale pale ndipo aliponitaka. Akazunguka akanipa mgongo, akakunja magoti, kiuno chake kikaingia chini ya changu, mkono wangu ukaishia begani kwake. Kisha akanyoosha magoti. Egemeo hili hapa, mzigo ule kule, kitovu cha uzito kimeshavuka nyayo: somo zima, kipindi cha dakika 40, kwa muda wa kupiga chafya. Hii huitwa seoi-nage. Nikapata wasaa wa kulitazama dari. Lina feni moja, halizunguki.

Nilianguka vizuri, hilo niandikiwe. Mkono ulipiga paa! hata waliokuwa nje wakachungulia. Sensei akanyoosha mkono juu, ippon, pointi kamili. Na mtoto, badala ya kushangilia, kwani angeshangilia ningejua la kufanya, akaja mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinua. "Samahani, mwalimu. Pole, mwalimu. Hujaumia, mwalimu?" Malezi yetu yamefundisha majibu ya salamu zote, za asubuhi, za msiba, za safari. Hayakufundisha jibu la mtu aliyekupa shikamoo akakubwaga halafu akakupa pole. Nikamwambia ahsante.

Kesho yake darasa lilisimama kunisalimu kwa utamu ambao sijapata kuuona tangu nianze kazi. Ubaoni kulikuwa na mchoro uliofutwa kwa haraka, lakini miguu miwili juu bado inaonekana. Niliandika mada ya siku juu ya miguu hiyo nikaendelea.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula nikatoa swali: chora mfano mmoja wa matumizi ya momenti katika maisha ya kila siku, na uonyeshe hesabu. Walichora toroli. Walichora mzani wa sokoni, na mlango, na spana, na mmoja alichora gari la ng'ombe zuri sana asiseme momenti iko wapi. Yule mtoto alichora watu wawili. Mmoja mwembamba, ameinama, egemeo limetiwa alama kiunoni mahali panapostahiki. Mwengine yuko juu, mlalo, mishale ya kani yote imeelekea inakotakiwa, uzito nyutoni 910, ubavuni pameandikwa "Mzigo". Hesabu ni sahihi toka mwanzo mpaka mwisho, na vipimo vyake vimo, yeye ambaye hajapata kuandika kipimo tangu nimjue.

Nilimpa tisa kwa kumi. Ile moja nilimkata kwenye kitambi cha mzigo, ambacho hakikuchorwa kwa skeli.