Mkwe Baada ya Ng'ombe

Ukweni kwangu heshima imepangwa hivi: kiai, yaani sheikh wa kijiji, kisha mama mkwe, kisha ng'ombe, halafu mimi. Kuku sijauliza wako wapi. Naogopa jibu.

Mimi ni Mpemba. Mke nilimpata Jeddah, sote tukiwa tumekwenda kutafuta riziki, na aliponiambia kwao ni kisiwani nikafurahi, nikajua samaki hawatanipita. Kumbe kisiwa chenyewe ni Madura, kule Indonesia, na kijiji chao kiko Pamekasan bara, mbali na pwani. Huko hulimwa mahindi mvua zikiwepo na tumbaku zikikatika, juu ya ardhi ya mawe ya chokaa ambayo ukiipiga jembe inakurudishia.

Tuanze na nyumba, maana matata yangu yanaanzia hapo. Kwa Wamadura wa mashamba kila ukoo una uwanja wake mrefu, wenyewe wanauita tanean lanjang. Kaskazini zimejipanga nyumba mstari mmoja, zote zinatazama kusini. Upande wa pili ni majiko na mazizi. Na mwisho kabisa, magharibi, kuna banda la mbao la kusalia, langgar. Nyumba ya wazazi iko karibu na langgar, inafuata ya binti mkubwa, kisha ya mdogo wake, hivyo hivyo kuelekea mashariki. Nimesema binti. Mtoto wa kiume akioa anafunga virago anahamia kwa mkewe, na nyumba ni ya mke. Yakitokea ya kutokea, Mungu apishe mbali, atakayeonekana njiani na begi ni mimi.

Nilimlalamikia kaka yangu kwa simu nikitaraji pole. Akanikumbusha kuwa waungwana wa Lamu walikuwa wakiwajengea mabinti zao nyumba za mawe, waume wakahamia humo na wala hawakulia. Sawa, lakini mume wa Lamu alikuwa na daka lake la kukalia na wageni wake. Huku mchana ndani ni kwa wanawake. Wageni wangu nawapokea langgar, kahawa naletewa langgar, na kwa kuwa vijana wasiooa ndiko wanakolala, nikitaka kujinyoosha baada ya adhuhuri nagombea mkeka na shemeji zangu wadogo.

Ng'ombe hawagombei kitu. Shemeji mkubwa ana madume ya kerapan, zile mbio ambazo mafahali wawili hufungwa nira pamoja, wakaburura kigari cha mbao kisicho na magurudumu, na juu yake kasimama kijana mwepesi anayemwachia Mungu shingo yake. Fainali kubwa hufanyika baada ya mavuno, zumari zao zinalia mpaka unadhani kuna harusi Mkunazini, Unguja mjini. Asubuhi moja nilimkuta shemeji kwenye zizi na beseni la mayai mabichi. Anavunja, anakoroga na asali na tangawizi, anamimina kwenye kipande cha mwanzi, anamwinua fahali kichwa na kumnywesha taratibu huku akimpapasa koo. Nilipokwenda kudai kifungua kinywa, mama mkwe akanijibu bila kugeuka, “Mayai yamekwisha, mwanangu. Kuna muhogo.”

Baba mkwe yeye hapendi mbio, anapenda urembo. Ana mitamba miwili ya sonok. Hawa hushindana kwa mwendo: wanavalishwa vitambaa vya nakshi, wanapita pamoja kwa hatua zinazolingana, na mwisho wanatakiwa wapandishe miguu ya mbele juu ya kibao kwenye lango, kisha watulie. Ili wafike hapo wanaogeshwa, wanakandwa, wanasimamishwa kwa mazoezi. Mgongo wangu, uliovunjika kwa kulima shamba la huyo huyo baba mkwe, haujawahi kukandwa na mtu.

Na shamba lenyewe! Nilikimbia Pemba kwa sababu ya karafuu. Anayejua anajua: mchana unachuma, usiku mnakaa kitako kuchambua makonyo, kesho unaanika kwenye majamvi, wingu likionekana kila mtu mbio kuanua. Nikaja kuangukia kwenye tumbaku. Mchana tunachuma majani, usiku tunayakunja na kuyakatakata nyembamba kama nywele, alfajiri tunayatandaza kwenye vichanja vya mianzi, kisha tunatazama mbingu. Manyunyu tu yanatosha kuitia tumbaku weusi, na ikisha kuwa nyeusi bei nayo inapotea. Hata isiponyeshewa, anakuja dalali, anachomoa konzi ya sampuli, ananusa, anakunja uso. Sampuli hairudi. Bei anaitaja yeye, na ukikataa, gari lake liko tayari kuondoka.

Wazee wakijua natoka wapi wanachangamka sana. Tumbaku yao huenda kwenye kretek, sigara za karafuu, na mpaka miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Baadaye wakapanda mikarafuu yao wenyewe, wakajitosheleza, na bei kwetu ikaporomoka. Kwa hiyo nimeoa kwa watu waliomfilisi marehemu babangu, na bado wananipigapiga begani na kuniita ndugu.

Ukikosa pesa msimu wa tumbaku, unaweka kipande cha shamba rehani. Aliyekukopesha anakilima na kuvuna mpaka umrudishie pesa yake yote. Sheria ya mwaka 1960 inasema rehani ikifikisha miaka 7 shamba lirudi kwa mwenyewe bila malipo. Nikaitaja sheria hiyo langgar, jioni, nikijiona msomi. Watu walinitazama kwa upole, mmoja akanisogezea sahani ya ndizi za kukaanga, na mazungumzo yakaendelea juu ya kwato za fahali wa jirani.

Pesa ya kweli iko mbali. Vijana wako Surabaya na Jakarta, wanauza mishikaki, wananunua vyuma chakavu, wana vioski visivyofungwa usiku wala mchana. Utani wa huko ni kwamba siku ya kiama watafunga nusu siku. Wanachopata wanajengea. Ukipita kijijini utaona majumba yenye nguzo za duara na marumaru mpaka barazani, ndani yake amekaa bibi mmoja na paka, naye mwenye jumba analala chini ya kaunta Jakarta, katikati ya mitungi ya gesi.

Wote hao hurudi siku moja: Idul Adha. Huku sikukuu hiyo ndiyo ya kurudi nyumbani, kuliko hata Idul Fitri. Daraja la Suramadu, kilomita 5.4 kutoka Surabaya mpaka Madura, lilifunguliwa mwaka 2009 na tangu 2018 halitozwi ushuru, kwa hiyo kila mwenye gurudumu analipita. Enzi za kivuko watu walisubiri bandarini, angalau wakipigwa na upepo. Siku hizi wanasubiri ndani ya basi. Ukiondoka kituo cha mabasi cha Bungurasih, upande wa Surabaya, unavuka bahari kwa dakika chache, unashangilia, halafu unafika soko la Tanah Merah ambapo nusu ya bidhaa iko barabarani na nusu ya wanunuzi pia. Ukilipita hilo, Blega wanakungoja na lao. Mwaka jana mwenzangu wa kiti alinunua mbuzi dirishani, akampakata mpaka Sampang.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Wete mlioahidi kuja Idi hii, njooni usiku, masoko yakiwa yamelala. Mkifika Pamekasan msiulize kwa Mpemba, hamtaonyeshwa. Ulizeni kwa mzee mwenye mitamba ya sonok. Na chukueni mayai.