Shangazi wa Ofisini: Meneja Asiye na Watu

Wiki hii mfuko umejaa vilio vya vijana wanaotengeneza programu za simu. Nimejibu vitatu. Vilivyobaki navyo vinamlalamikia bosi mmoja, nahisi ni yuleyule.

*Shikamoo Shangazi. Nilipoajiriwa kuwa meneja wa bidhaa kwenye kampuni ya programu za malipo, baba alichinja mbuzi. Mwaka wa tatu huu, na umeneja ni jina tu: sina hata mtu mmoja chini yangu. Mainjinia wananiita karani wa tiketi. Mambo yakienda vizuri sifa ni zao, seva ikianguka naitwa mimi. Nitapandaje cheo? – Mwenye Mbuzi, Mikocheni*

Marahaba mwanangu. Mbuzi ameshaliwa, tumwache apumzike.

Kazi yako ilizaliwa na kilema hichohicho. Mei 1931, kule Cincinnati, Marekani, kijana wa Procter & Gamble aitwaye Neil McElroy, aliyekuwa akihangaika na matangazo ya sabuni ya Camay, aliwaandikia wakubwa wake kuomba aajiriwe mtu wa kuishughulikia kila sabuni peke yake. Aliandika kurasa tatu katika ofisi ambayo bosi hakutaka dokezo lizidi ukurasa mmoja. Mtu huyo hakupewa kiwanda wala wauzaji. Alipewa lawama. Ila McElroy alimtaka achambue mauzo eneo kwa eneo, na yanakosuasua aende mwenyewe kuzungumza na wenye maduka na wanunuzi. Habari ya kushinda kwenye vikao haimo. Baadaye McElroy aliiongoza kampuni hiyo, kisha akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Wewe sikuahidi wizara.

Sasa nikuulize: mara ya mwisho kukaa kwa wakala ni lini? Kukaa, si kwenda kutoa hela. Omba kigoda pale Tandale jioni, watu wakitoka kazini. Utamkuta wakala ana simu mbili. Ile ya kioo, yenye programu yenu, imelala kwenye droo. Kazi yote anaifanyia kwenye kitochi. Muulize sababu. Atakwambia programu yenu kila akiifungua inataka toleo jipya na bando limekata, na kitufe cha kuthibitisha kinafunikwa na kibodi, na mteja wa tatu kwenye foleni ameshaanza kusonya. Pembeni ana daftari la mistari: jina, namba, kiasi, saini. Orodha ya miamala mliyomtengenezea kwa miezi mitano iko humo, kwa wino wa bluu.

Walioangalia watu namna hiyo walifaidi. M-Pesa ilianza kama jaribio nchini Kenya mwaka 2005, ili wakopaji wadogo walipe marejesho kwa simu. Wenyewe wakaanza kutumiana hela. Ingekuwa ni wewe na tiketi zako, ungeandika "matumizi yasiyo sahihi" ukafunga. Wenzako wakaona biashara, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutumia watu wa nyumbani pesa.

Kwa hiyo, ukirudi Tandale, nenda na injinia mmoja, yule mwenye ulimi mkali kuliko wote. Akimwona wakala akihangaika na kitufe alichokichora yeye, hutahitaji kumwagiza. Mainjinia humdharau mtu anayeingia na "bosi amesema". Anayeingia na kitu alichokiona, humsikiliza, hata kama ni kwa kununa. Na siku ya kuomba cheo usihesabu tiketi ulizofunga. Onyesha miamala mingapi ilikuwa inakwama ulipoingia, na mingapi inakwama leo. Wakikunyima, kampuni nyingine nazo zina milango.

*Shangazi, bosi kawaahidi wateja toleo jipya Ijumaa. Kazi ni ya miezi miwili. Anasema ataongeza mainjinia wanne. Nifurahi? – Roho Juu, Arusha*

Usifurahi. Frederick Brooks, aliyesimamia programu za OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Hao wanne watafundishwa na nani? Na walewale unaotaka wamalize Ijumaa. Mfuate bosi faragha, maana mbele za watu bosi hashindwi, umuulize ni lipi kati ya hayo aliyoahidi ambalo mteja analisubiri kweli. Litoeni hilo. Yaliyobaki aliyeahidi ndiye apige simu.

*Shikamoo Shangazi. Ofisini tunaambiwa sisi ni familia. Tunakesha hadi saa sita usiku, Jumamosi tupo, na malipo ni piza. Nikitoka saa kumi na moja wananiuliza kama leo nimechukua nusu siku. Nami naitwa meneja wa bidhaa. – Mtoto wa Kambo, Dar es Salaam*

Marahaba. Familia gani inampa mtoto mkataba wa majaribio?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Piza haikutajwa. Watakwambia mameneja wametolewa humo. Kweli, ila waliotolewa ni wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa wa juu. Wewe unamsimamia nani? Mtafute Mwenye Mbuzi, umwambie cheo chake kitupu kina faida moja.

Kabla hujaenda ofisi ya kazi, andika tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, siku kwa siku, na utunze jumbe za kukuita usiku. "Tunakesha sana" si ushahidi.

Mnaoniandikia, barua ziwe fupi. Bosi msimtaje jina, na msitumie kompyuta ya ofisi.