Kibali cha Dakika Nne

Katika kamati ya harusi hapa Dar es Salaam hakosekani mtu wa kutupiwa kazi ambayo wenzake wameikwepa, na mtu huyo ni mjomba. Ukumbi ulishachukuliwa na shangazi mwenye sauti. Keki ina wenyewe. MC alitafutwa na vijana, na kwa bei waliyokubaliana naye nadhani anakuja na ukumbi wake. Mimi nikaja kusoma kwenye kundi la WhatsApp, kati ya "vinywaji" na "matarumbeta": "Fashifashi – Mjomba. Za dakika nne tu."

Dakika nne ndizo za kuwaka. Za kuombea ruhusa hazikuandikwa.

Kununua hakuna kazi. Nilikwenda Kariakoo kuulizia bei, nikarudi na boksi. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Mzee, unataka za kupasuka au za kumwaga maua?" Nikamwambia zote. Hakutaka kitambulisho wala hakujali nitazipasulia wapi. Alifunga boksi kwa kamba, akanipa na maelekezo: "Washa, kimbia." Boksi lina picha ya joka na maandishi ya Kichina, na kwa urefu wake nina hakika yanasema zaidi ya hayo maneno mawili.

Wenye harusi wengi huishia hapo. Wanawasha, wanakimbia, maisha yanaendelea. Mimi nina maradhi ya kusikiliza matangazo. Kila Desemba makamanda wa polisi husimama mbele ya kamera kutukumbusha kwamba ni marufuku kuchoma matairi barabarani na ni marufuku kupiga fataki bila kibali. Hilo "bila kibali" liliniganda kichwani. Maana yake kibali kipo, na kama kipo kuna mtu anakitoa. Nikaondoka kumtafuta.

Mjumbe alisema hilo ni la mwenyekiti. Mwenyekiti wa mtaa kibali cha sherehe anakijua vizuri: unaeleza kama ni harusi au kumtoa mwali, muziki utazimwa saa ngapi, unachangia ofisi kidogo, unagongewa muhuri. Lakini nilipojaza "harusi na fashifashi" kwenye aina ya shughuli, alivua miwani. "Mjomba, sisi hapa tuna mdundiko, tuna matarumbeta, na tulikuwa na vigodoro kabla hatujavikataza. Mlipuko hatuna." Akaniandikia barua ya kwenda polisi, kwamba mimi ni mkazi wake na hanijui kwa ubaya wowote. Kuigonga kukashindikana. Muhuri ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa msibani Kibaha.

Kituoni nilimkuta afande kijana, mpole, anayesoma kwa sauti. "Mzee anaomba kibali cha kulipua," akasoma, na watu wote wa kwenye benchi wakasogea upande wa pili. Nikaeleza kwamba ni fashifashi, za harusi, za dakika nne. Zinapanda mita ngapi? Sijui, ila ni juu. Zina baruti kilo ngapi? Boksi nalibeba kwa mkono mmoja. Fundi ni nani? Nikamtaja shemeji yangu, fundi friji. Akaandika "fundi", akapiga mstari chini yake.

Tukiwa hapo ukapita msafara wa harusi ya watu wengine, bodaboda tupu, sailensa zimetolewa, madereva wanakata swichi na kuiwasha pikipiki ikiwa mwendoni. Pa! Pa! Pa! Dirisha la kituo likatetemeka. Afande alinyamaza kwa adabu mpaka wa mwisho apite, kisha akashika kalamu tena.

"Na hao je, afande?" nikauliza.

"Hao hawajaomba."

Nimelala na jibu hilo, nimeamka nalo. Wanaopiga mlipuko bila kuomba hawana faili, kwa hiyo hawana kasoro. Mwenye kasoro ni mimi, maana faili langu lipo, na kila anayelifungua anakuta kinachokosekana.

Afande mwenyewe simlaumu. Alinieleza kwamba kwa upande wao wanaangalia usalama, ila kitu chenyewe ni baruti, na baruti ina wenyewe. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963. Nchi ilikuwa bado inaitwa Tanganyika! Ukiipitia unaona waliotunga walikuwa na migodi kichwani: maghala, usafirishaji, mafundi wenye vyeti, mtu anayepasua mwamba ili watu wapate dhahabu. Ndiyo maana habari za baruti zipo chini ya wizara inayoshughulika na madini. Kwa hiyo mimi, mjomba mwenye boksi la joka, nilikaa kwenye foleni moja na wachimbaji waliokuja na ramani za vilima vyao. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote napasua mwamba wa wapi. Nikamwambia Tabata.

Watu wa zimamoto ndio pekee walioniuliza maswali yenye kichwa na miguu. Upepo jioni unavuma kuelekea wapi? Jirani ana banda la makuti? Nyaya za umeme zinapita wapi? Maji na mchanga vitakuwa karibu? Watoto watasimama umbali gani? Nusu saa tukamaliza, nikatoka nimejifunza kitu. Ningeweza kuishia pale na dunia ikawa salama kabisa.

Msinielewe vibaya, sisemi kila mtu ajilipulie. Huu mji una kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka lingine Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, nyumba zikabomoka, watoto wakapoteana na wazazi. Nina shangazi wa Gongo la Mboto ambaye mpaka leo akisikia mlio wa ghafla anajifunga kanga kiunoni, anachukua mfuko wenye hati ya kiwanja na vyeti vya watoto, anatoka mlangoni. Haulizi ni nini. Ukimpigia simu kumwambia ni fataki anakujibu: "Hata siku ile mlisema ni radi." Kwa ajili yake peke yake nipo tayari kuzuiwa.

Ila kuzuiwa kwenyewe kuwe na kichwa. Binamu yangu aliyeko Uingereza aliposikia ninavyozunguka alicheka mpaka simu ikakatika. Kule, kwenye ua wa nyumba yako, fataki za kawaida hazihitaji barua ya mtu. Kanuni za mwaka 2004 zimetaja saa: kuanzia saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi hakuna kupiga. Usiku wa tarehe 5 Novemba, sikukuu yao ya mioto, mwisho ni saa 6. Mkesha wa mwaka mpya, Diwali na mwaka mpya wa Kichina mwisho ni saa 7 usiku. Ununue ukiwa na miaka 18 au zaidi, usipige barabarani, na zile kubwa kabisa ni za mafundi waliosomea. Basi. Shangazi yangu angekuwa kule angebandika saa hizo kwenye friji, akajua lini ajifunge kanga na lini alale. Hapa saa hazijui, kwa sababu zimo ndani ya kibali changu, na kibali changu kimo ndani ya kabati la mtu.

Tena wenzetu wa Zanzibar usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari wanarusha fashifashi za Mapinduzi pale Maisara, anga yote inawaka, na watu wanabeba watoto mabegani kwenda kuziona. Wanajua siku, wanajua saa. Sijasikia mtu aliyekimbia na hati ya kiwanja.

Kibali kilitoka. Naomba hilo liandikwe, maana kuna ndugu wanaosambaza kwamba nilishindwa. Kilitoka siku mbili kabla ya harusi, karatasi moja, mihuri minne, mmoja umegongwa kichwa chini. Kiliniruhusu kupiga fashifashi ndani ya uzio wa ukumbi, shemeji akiwa fundi, kuanzia saa 2:00 hadi saa 2:30 usiku.

Anayezijua harusi za mji huu ameshacheka. Saa 2:00 ukumbini tulikuwa mimi, shemeji na boksi, ndoo mbili za mchanga, na kijana wa vyombo vya muziki anayesema "moja mbili, moja mbili". Saa 2:30 wakafika wapishi. Bibi harusi aliingia saa 4 na robo, kwa matarumbeta, nyuma yake bodaboda, pa! pa! pa! Kamati ikanigeukia yote kwa pamoja: "Mjomba, sasa!" Nikatoa karatasi, nikawasomea saa. Shangazi mwenye sauti hajanisemesha tangu siku hiyo.

Boksi sasa lipo chini ya kitanda, na mke wangu amekataa kulala juu ya baruti. Shemeji anasema tulipige mwaka mpya. Nikarudi kwa mwenyekiti kuuliza kama kile kibali kinaweza kusogezwa tarehe. Alikisoma mbele na nyuma, akasema hiki kilikuwa cha harusi, na mwaka mpya si harusi. Niandike barua nyingine, niambatanishe muhtasari wa kikao cha familia kilichokubali boksi libadilishiwe matumizi, wajumbe wote wametia saini, shangazi akiwemo.