Jinsi ya Kupikia Watu 50 na Bado Ukaitwa Tena

Kikao cha familia kimekwisha. Wajomba wamegawana viti, turubai na muziki, shangazi amechukua mapambo, na wewe, ambaye hadi juzi ulikuwa bingwa wa kuchemsha mayai, umeachiwa chakula. Usitoroke. Shughuli hii inataka hesabu, muda na sufuria kubwa, na vyote vitatu hupatikana bila kipaji.

Anza kwa kukataa. Kataa chapati: watu 50 kwa chapati mbili mbili ni chapati 100, na kila moja inataka kusukumwa, kukunjwa, kusukumwa tena na kugeuzwa kikaangoni. Ukifika ya 60, ya kwanza imeshakauka na wewe umeshawachukia ndugu zako wote. Kataa ugali, kwa sababu ugali wa umati husongwa kwa mwiko mrefu kama kasia na mtu mwenye mabega ya kubeba viroba, na ukipoa hakuna wa kuula. Kataa samaki wa kukaanga, maana karai la mafuta ya moto na watoto wanaokimbizana uani havikai pamoja. Pilau nayo iache hadi shughuli ya pili. Kitunguu cha pilau kina dakika yake: ukikiwahi pilau inatoka nyeupe, ukikichelewa inatoka chungu, na wazee watajua kabla hujafunua sinia.

Ukiwa Same au Moshi katika baridi ya mwezi wa saba, pika makande na roho yako itulie. Mahindi ya kukoboa na maharage, sufuria moja, moto wa taratibu. Makande hayana kisirani: yakikaa motoni nusu saa zaidi yanazidi kuwa matamu. Wakenya wanalijua hilo kwa githeri yao. Lakini kama uko Dar es Salaam, Tanga au Morogoro na wageni wamekuja na njaa ya mchana, pika wali, maharage ya nazi na kachumbari. Hakuna mgeni mwenye akili timamu atakayenuna mbele ya sahani hiyo.

Sasa hesabu. Ukiambiwa watakuja 40, pikia 50, kwa sababu kila shangazi huja na jirani yake. Kilo moja ya mchele hushibisha watu wanane hadi tisa, kwa hiyo chukua kilo 6. Maharage kilo 4. Vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, nazi nne au tano kubwa. Kuna mjomba atakayeuliza nyama iko wapi. Kama kamati ina fedha, kilo 5 zikikatwa vipande vya gramu 50 zinatoa vipande 100, yaani viwili kwa kila mtu. Kama haina, mpe mjomba maharage mengi na tabasamu.

Maharage huanza usiku wa kuamkia shughuli. Yachambue mezani, kwenye mwanga, kiganja kwa kiganja, maana jiwe moja kwenye jino la mzee litakumbukwa kuliko shughuli yenyewe. Yaloweke, na alfajiri umwage maji hayo. Saa 12 asubuhi yawe jikoni. Yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto. Usiruke hatua hii: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, nayo ni hodari wa kutapisha. Nyanya zisubiri. Uchachu wake huyachelewesha kuiva, na ukizitia mapema utafika saa 7 mchana unatafuna changarawe. Yakishalainika ndipo uunge: vitunguu, nyanya, karoti na hoho, kisha tui jepesi. Tui zito litie mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, na uwe unakoroga taratibu hadi lianze kutokota, la sivyo litakatika na mchuzi wako utaonekana una maradhi.

Yakianza kunukia moshi, weka mwiko chini. Mpishi mgeni hukimbilia kukoroga, na hapo ndipo anaposambaza uchungu wa chini hadi juu. Epua, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, endelea na safari. Nimeona chakula cha watu wengi kikiokolewa hivyo, na hakuna mlaji aliyejua.

Wali ndio unaotisha watu, na kinachotisha ni sufuria moja kubwa mno. Chini umeungua, katikati ni uji, juu ni mchele mbichi. Kwa hiyo gawa: kilo 3 huku, kilo 3 kule. Kipimo cha nyumbani cha kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji usikibebe hadi hapa, kwa sababu sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo. Chemsha lita 4 na nusu kwa kila sufuria, na weka kando birika la maji ya moto. Mchele mpya wa msimu hunywa kidogo, wa zamani una kiu. Muulize muuzaji ni upi, na birika litakusaidia kwa kitakachobaki. Maji yakitokota tia mafuta na chumvi, kisha onja: yawe na chumvi iliyozidi kidogo ile ya supu, kwa sababu mchele utaimeza. Mimina mchele, koroga mara moja, funika.

Maji yakikaribia kukauka, ondoa moto mwingi chini, tandaza jani la mgomba au foili juu ya wali, bana mfuniko na upalie makaa juu yake. Kisha umwache mtu alinde. Nasema mlinzi kwa dhati. Shangazi atakuja kufunua ili aone, mjomba atafunua ili ashauri, na kila wakifunua mvuke unaoivisha wali unaondoka. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wali pia. Waambie kwa heshima: shikamoo shangazi, ukikaribia nitakuita uonje. Mpe kijiko kweli wakati ukifika, kwa sababu ulimi wake una miaka mingi kuliko wako.

Kachumbari iwe ya mwisho. Katakata vitunguu, visugue na chumvi, visuuze ili ukali utoke, ndipo utie nyanya na ndimu. Ukiitengeneza asubuhi, saa 7 utakuta nyanya zinaogelea.

Upawa mpe mtu mwenye haki. Asiwe na mchumba kwenye foleni. Wali upimwe kwa bakuli lile lile tangu sahani ya kwanza hadi ya mwisho, kwani mpakuaji mkarimu wa sahani 20 za mwanzo ndiye huwafanya watu wa mwisho kula mchuzi mtupu. Wazee na watoto watangulie. Kabla ya yote hayo, tenga sahani za waliochanja kuni na watakaoosha vyombo, uzifunike na uzifiche. Ukoko nao ni haki ya waliochochea moto. Asiuguse mtu aliyekuja amevaa suti.

Kikibaki chakula, gawa mapema, ndani ya saa mbili tangu kitoke motoni, au kiingie kwenye friji kikiwa kwenye vyombo vifupi kipoe haraka. Wali una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukilala kwenye joto la pwani, mbegu zinaamka na kutengeneza sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto mara ngapi. Maharage yenye tui nayo huchacha upesi. Najua kiporo ni kitamu kwa chai, ila kile cha sufuria iliyoshinda uani usimpe mtoto.

Masufuria ya kukodi mwagia maji ya moto yangali na uvuguvugu, yaoshe, uyarudishe jioni hiyo hiyo, na uhesabu mifuniko mbele ya mwenyewe.