Mwongozo wa Fundi Mwenye Haraka: Kumwingiza Mteja Ndani ya JavaScript

Jina la mteja limeshahifadhiwa kwenye seva, na sasa bosi anataka kitufe cha "Futa" mbele ya kila jina. Usijichoshe. Lichomeke jina mzimamzima ndani ya onclick, yaani futa('<?php echo $jina ?>'), halafu jaribu kwa Juma. Likikubali kwa Juma, limekubali kwa taifa zima. Kanywe chai.

Ndipo aje Ng'ang'a. Ritifaa yake ya kwanza inafunga nukuu uliyoifungua wewe, herufi zinazobaki JavaScript inazisoma kama amri, haizielewi, na kitufe kinanuna. Mlaumu Ng'ang'a. Mwambie wazazi wake ndio waliokosea, siyo programu.

Mwenzako mjuaji atapendekeza htmlspecialchars. Mkubalie haraka, maana utamu uko hapa. Ritifaa itageuka &#039;, ukikagua chanzo cha ukurasa utaona pametulia kabisa. Lakini kivinjari huivua HTML kanzu yake kwanza, ndipo kiikabidhi JavaScript kilichomo ndani ya onclick. Ritifaa inafika ilivyozaliwa. Kosa ni lilelile. Ulichoongeza ni usingizi mnono.

Na atakayejisajili kwa jina linaloanza na '), je? Huyo hakosei tahajia, anakuandikia programu. Usihofu, nani ana muda huo? (Oktoba 2005 Samy Kamkar alikuwa nao: alipenyeza msimbo kwenye wasifu wake wa MySpace, na kabla siku haijaisha ulikuwa umejinakili kwenye wasifu wa watu zaidi ya milioni moja.)

Namba usizitie nukuu kamwe. Simu inayoanza na 0712 itapoteza sifuri, na isipokuwa na 8 wala 9 itasomwa kwa mfumo wa nane, igeuke namba nyingine kabisa. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) ina tarakimu 20, ilhali JavaScript ina uhakika na namba nzima hadi 9007199254740991 tu. Zinazozidi hapo inakadiria. Raia wawili wanaotofautiana tarakimu za mwisho wanaweza kuwa mtu mmoja, na huo nao ni umoja wa kitaifa.

Kitu cha kuogopa ni data-jina. Kuna mafundi wanaoliweka jina humo, ndani ya nukuu mbili, wakitumia htmlspecialchars ileile, kisha wanalisoma kwa dataset.jina na kukisikiliza kitufe kwa addEventListener. Jina linabaki maandishi tu, halipati nafasi ya kuwa amri. Wakitaka kulionyesha wanatumia textContent, innerHTML hawaigusi. Wakilazimika kuandika thamani ndani ya script, wanaipitisha kwenye json_encode yenye JSON_HEX_TAG, hata aliyejiita </script> asiifunge kabla ya wakati.

Ukiwaiga hao, simu ya bosi usiku wa manane haitalia, na malipo ya ziada sijui utayadai kwa kazi gani.